Acheni Kuwarusha Flamingo

Hiyo picha unaijua. Maji yametulia kama kioo, milima ya Bonde la Ufa imefifia nyuma kwa ukungu wa asubuhi, na katikati flamingo maelfu kwa maelfu wanapaa kwa pamoja, mbawa nyekundu juu ya maji ya fedha. Iko kwenye kalenda ambazo benki hugawa Desemba. Iko kwenye kuta za maofisi, kwenye vipeperushi vya kampuni za utalii, na kwenye ukurasa wa kila msee aliyewahi kununua kamera ya mkopo. Chini yake huwa kuna maneno matamu kuhusu uhuru na amani na uzuri wa nchi yetu.

Uhuru gani? Amani gani? Mara nyingi hiyo ni picha ya hofu. Ndege wale hawakupaa ili wakupendeze. Mtu aliwakaribia mno, au alipiga makofi, au alirusha jiwe, au alipitisha droni juu ya vichwa vyao. Wakashtuka, wakaacha chakula, wakaruka. Kamera ikalia tra-ta-ta-ta. Msee akaenda nyumbani akaposti.

Kiswahili chetu kina neno moja linalotosha kwa biashara hii yote, nalo ni kurusha. Kurusha ndege ni kumfanya apae. Kumrusha mtu, kwa lugha ya mtaani, ni kumlaghai akuachie pesa. Na kurusha roho, kama wapenzi wa taarabu wanavyojua, ni kumtia mwenzako wivu makusudi. Picha ya flamingo ya siku hizi inafanya yote matatu. Nitayachukua moja baada ya jingine.

Kurusha ndege

Kamusi inamwita ndege huyu heroe. Sijawahi kusikia mtu akilitumia jina hilo Nakuru, kwa hivyo nitasema flamingo kama watu wengine. Wako wa aina mbili katika maziwa yetu: mkubwa, ambaye ni mweupe zaidi, na mdogo, ambaye ndiye mwenye wekundu mkali na ndiye anayejaza picha. Huyu mdogo ndiye ninayemtetea hapa.

Flamingo mdogo anakula mwani. Mwani wenyewe ni mdogo kiasi kwamba huwezi kuuona kwa macho ukiwa mmoja mmoja. Unaona tu maji yamekuwa ya kijani kama supu ya mchicha. Anainamisha kichwa mpaka mdomo unakuwa juu chini, anavuta maji, anayachuja, anayatoa. Rangi yake inatoka humo humo kwenye chakula. Sasa fikiria mwenyewe: mnyama anayekula kitu kidogo namna hiyo anahitaji muda gani kushiba? Anahitaji saa nyingi, mchana na usiku, za kuchuja bila kusumbuliwa. Kila dakika anayokuwa hewani kwa sababu yako ni dakika ambayo hali, na tena anaunguza kile alichokwisha kula. Kuruka kwa ndege mwenye mwili mkubwa kiasi hicho si mchezo. Lazima akimbie kwanza juu ya maji, ndipo ainuke. Wapiga picha wanaipenda sana hiyo sehemu ya kukimbia. Kwa ndege ni kazi ya jasho.

Safari zao za kutoka ziwa moja kwenda jingine huzifanya zaidi usiku. Kwa hivyo unapoona kundi zima limeinuka saa nne asubuhi na jua limewaka, jiulize nani kawainua. Yawezekana ni furukombe. Kule Bogoria furukombe wamejifunza kuwawinda flamingo, na akipita mmoja, ufuo wote unafyatuka. Hiyo ni sheria ya pori na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na furukombe mwenye lenzi ya milimita 600, ambaye hali flamingo, hana njaa, na bado anawavamia mara tano kwa asubuhi moja kwa sababu mara nne za kwanza mwanga haukukaa vizuri.

Halafu ikaja droni. Kurusha droni ndani ya mbuga za taifa bila kibali ni kosa, na kila mtu anayemiliki droni anajua hivyo. Lakini tazama video zinazozunguka na ujiulize ni ngapi zilikuwa na kibali. Huko California, Mei 2021, katika hifadhi ya Bolsa Chica, droni moja ilianguka katikati ya buabua waliokuwa wakitaga kwenye kisiwa cha mchanga. Karibu ndege 3,000 waliondoka na hawakurudi. Mayai zaidi ya 1,500 yalibaki kwenye mchanga, hakuna wa kuyaatamia. Kifaa kimoja kiliwagharimu ndege wale msimu wao mzima.

Flamingo ana udhaifu wa namna hiyo hiyo, tena mbaya zaidi. Anataga yai moja tu. Hatagi kila mwaka. Anasubiri mpaka maji, matope na chakula vikubaliane. Na kwa Afrika Mashariki yote, mahali pake pa kutegemea pa kutaga ni pamoja: Ziwa Natron, upande wa Tanzania, karibu kabisa na mpaka wetu. Ndege unaowaona Nakuru, Elementaita na Bogoria, karibu wote walianguliwa kule kwenye vichuguu vya matope katikati ya magadi yanayounguza. Unapotaka kujua kwa nini walichagua jehanamu ile, jibu ni kwamba sisi hatufiki kwa urahisi. Fisi hafiki, mbweha hafiki, mtu hafiki. Leslie Brown, afisa wa kilimo wa enzi za ukoloni aliyekuwa wazimu wa ndege, aliona makoloni yao Natron mwaka 1954 kutoka kwenye ndege. Alipojaribu kuyafikia kwa miguu, magadi yalimchoma miguu vibaya mpaka akalazwa hospitali. Ziwa lenyewe lilikuwa limeshamwambia umbali wa kukaa.

Leo huhitaji kuchomwa miguu. Unakodisha helikopta Nairobi, unaruka hadi Magadi au Natron, au unakwenda kaskazini mpaka Ziwa Logipi katika Bonde la Suguta, unapiga picha ya madoa mekundu juu ya maji ya kijani, halafu unaziita sanaa. Kwa kweli picha nyingine ni nzuri, siwezi kukataa. Lakini angalia kwa makini pembeni mwa hizo picha. Mara nyingi utaona kundi likikimbia kwa umbo la mshale, wote upande mmoja. Wanakikimbia kivuli cha mpiga picha.

Kurusha watu

Sasa tuje kwa ulaghai. Picha ya flamingo inayouzwa na jina Nakuru chini yake ilipigwa mwaka gani?

Hilo swali dogo linaudhi watu kuliko matusi. Naandika kwa kulipwa, neno kwa neno, chochote kinachokuja: maelezo ya hoteli, hotuba za harusi, wasifu wa wanasiasa wa wadi. Mwaka mmoja kampuni moja ya safari ilinipa kazi ya kuandika ukurasa kuhusu Nakuru. Wakanitumia picha: ufuo mwekundu mpaka upeo wa macho. Nikauliza ilipigwa lini. Wakajibu kwamba hiyo si kazi yangu. Nikaandika kwamba flamingo huja na kuondoka, kwamba mgeni aulize kwanza kabla ya kuja, na kwamba hata bila flamingo kuna mengi ya kuona. Aya ile ikakatwa, ukurasa ukatoka na picha ile ile, na malipo yangu yakapunguzwa kwa idadi ya maneno yaliyokatwa.

Haya ndiyo aya ile ilikuwa inasema. Ziwa Nakuru halina mto wa kutoka. Maji huingia kutoka mito kama Njoro, Makalia na Nderit, halafu hayana pa kwenda ila hewani. Ndiyo maana lilikuwa na chumvichumvi, na ndiyo maana ule mwani ulistawi. Mtaalamu wa ndege wa Marekani, Roger Tory Peterson, aliliita tamasha kubwa kuliko yote ya ndege duniani, na kwa sifa hiyo likawa mbuga ya taifa mwaka 1968, kisha mwaka 1990 likawa eneo la kwanza la Kenya kuingia kwenye mkataba wa Ramsar. Mwaka 2011 likaingia, pamoja na Elementaita na Bogoria, kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Lakini tangu mwaka 2010 hivi, mvua ziliongezeka na maji yakaanza kupanda. Yalipanda, yakapanda. Ziwa lililokuwa na karibu kilomita za mraba 40 limepita 60. Lango kuu la mbuga lilimezwa ikabidi lihamishwe. Miti ya migunga iliyokuwa nchi kavu ikasimama majini, ikafa, ikabaki mifupa myeupe. Watu wa Mwariki waliamka maji yako mlangoni, kisha yako jikoni, kisha nyumba si yao tena. Na maji yalipoongezeka, chumvi ikapungua. Chumvi ilipopungua, mwani ukapungua. Mwani ulipopungua, flamingo wakaenda kutafuta sehemu nyingine. Hakuna aliyewafukuza kwa jiwe. Sufuria imetiwa maji mengi, supu imekuwa nyepesi.

Bado wako wanaorudi. Kuna miezi unawaona wengi, kuna miezi unawahesabu. Ila ile zulia nyekundu ya kalenda si kitu unachoweza kumuahidi mtu kwa pesa yake.

Hebu nikuulize: ungeuziwa simu kwa picha ya simu nyingine, ungeita hiyo nini? Ungeita kurushwa. Lakini mtalii akiuziwa ziwa la miaka iliyopita, tunaita utangazaji wa nchi. Na anayeumia si mtalii tu. Yeye atarudi kwao akalalamike kidogo, basi. Anayeumia zaidi ni ziwa. Kama kila mtu Nairobi anaamini flamingo bado wamejaa Nakuru kama zamani, nani atauliza kilichotokea? Nani atauliza kuhusu misitu ya Mau inakoanzia Njoro? Nani atauliza majitaka ya mji uliopewa hadhi ya jiji Desemba 2021 yanaishia wapi, kama si kwenye bakuli hilo hilo lisilo na tundu la kutokea? Miaka ya 1990 flamingo walikufa kwa maelfu Nakuru na Bogoria, na wanasayansi wakataja metali nzito na sumu za mwani. Tafuta picha za vifo hivyo kwenye kalenda. Hutazipata. Tuna albamu ya harusi, hatuna cheti cha hospitali.

Ulaghai huu una mapacha. Mwaka 2013 mpiga picha Nick Brandt alitoa kitabu chenye picha za ndege na popo waliokauka ufukweni mwa Natron, wameganda kama sanamu. Yeye mwenyewe alieleza kwamba aliikuta mizoga ile na akaiweka kwenye vijiti na mawe ionekane kama iko hai. Hakuficha. Lakini mtandao ulikata maelezo ukabaki na picha, na dunia nzima ikaambiwa Tanzania kuna ziwa linalogeuza ndege kuwa mawe. Ziwa ambalo ndilo leba ya flamingo wa Afrika Mashariki likawa ziwa la kifo. Miaka michache tu kabla ya hapo, watu walikuwa wamepigana dhidi ya mpango wa kujenga kiwanda kikubwa cha magadi pale pale Natron. Sasa jiulize: siku mpango kama huo ukirudi, nani atasimama kutetea ziwa ambalo dunia inaamini linaua kila kinacholigusa? Picha bila maelezo haibaki bila maana. Itapewa maana na yeyote mwenye kelele nyingi.

Kurusha roho

La tatu ndilo linalotuhusu sisi, vijana wa mjini, kwa hivyo nitasema taratibu.

Tunapiga hizo picha ili watu wajue tulikuwepo. Twende mbele turudi nyuma, ukweli ni huo. Flamingo ni mandhari ya nyuma ya uso wangu, kama vile jengo refu au bwawa la hoteli. Na kwa kuwa yeye ni mandhari, lazima afanye kitu. Akisimama tu akila, picha ni baridi. Kwa hivyo tunampigia kelele. Nimeona vijana Elementaita wakikimbia kuelekea majini huku mmoja akishuti, wote wakicheka, na dakika chache baadaye gari lingine likafika na wengine wakaanza upya. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wakirudia tu walichokiona kwenye simu zao, na wale waliowaona kwenye simu walikuwa wakirudia walichokiona kwenye filamu. Out of Africa ya mwaka 1985 iliufunza ulimwengu kwamba flamingo ni kitu unachopita juu yake kwa ndege ya injini moja ukiwa na mpenzi wako. Miaka arobaini baadaye tungali tunaigiza.

Na roho inayorushwa ni ya nani? Ya mtu wa Nakuru ambaye hajawahi kuingia. Ingia mbuga ile uone: hutaruhusiwa kwa miguu, hutaruhusiwa kwa boda. Unahitaji gari, mafuta, kiingilio, na siku moja bila kazi. Elementaita nako, sehemu kubwa ya ufuo imo ndani ya Soysambu, ardhi ya ukoo wa Delamere. Kuna watoto Bondeni na Kaptembwo wanaofahamu flamingo kwa picha ya ukutani kama vile mtoto wa Oslo anavyomfahamu. Tofauti ni kwamba mtoto wa Oslo hajafurikiwa na ziwa lake.

Mtaniambia

Najua majibu yenu, wacha niyachukue kabla hamjayaandika.

Wa kwanza atasema picha ndizo huleta watalii, na watalii ndio hulipia ulinzi. Sawa. Sijasema msipige. Lakini kama picha ndiyo inalinda ziwa, basi ingekuwa imelilinda. Nakuru ni kati ya maziwa yaliyopigwa picha zaidi barani hili, na bado majitaka yameingia, msitu umekatwa, na ndege wamepungua mbele ya lenzi zetu zote. Picha iliyopambwa haikuamsha mtu. Ilimbembeleza alale.

Wa pili atasema mimi si mwanasayansi. Kweli. Niliacha chuo kikuu kabla ya kumaliza na sina digrii ya ndege wala ya kuku. Lakini huhitaji digrii kujua kwamba mtu akikurupushwa mezani mara tano hatamaliza chakula chake.

Wa tatu, huyu ni mpiga picha mwenyewe, atasema: kazi yangu ni urembo, mazingira ni kazi ya wengine. Huyu ndiye ninayemheshimu zaidi, kwa hivyo namjibu kwa urembo. Ndugu yangu, unakosa picha nzuri zaidi kwa kukimbizana na ile rahisi. Flamingo wana ngoma. Mamia hujipanga wakakazana bega kwa bega, shingo zimenyooka, wanatembea kwa pamoja upande huu, halafu kama waliosikia amri wanageuka upande ule, vichwa vikipinduka kushoto kulia. Hiyo huwezi kuipata kwa kukimbia. Unaipata kwa kukaa kimya kwenye gari lililozimwa mpaka ndege wasahau kwamba upo. Kule Bogoria hukusanyika kwenye midomo ya chemchemi kunywa na kuoga, mvuke unapanda katikati ya miguu yao. Hiyo pia hutaka subira tu. Na ukisubiri vya kutosha, furukombe atapita. Utapata kupaa kwako, na hutakuwa umemwibia mtu chakula.

Mwaka 1962 Natron ilifurika na flamingo wakahamia Magadi kutaga, upande wetu. Magadi yakaanza kuganda kwenye miguu ya vifaranga, pingu nzito zikawafunga wasiweze kutembea. Watu waliingia kwenye yale matope wakaanza kuzivunja pingu moja moja kwa mkono. Maelfu ya vifaranga waliokolewa. Miongoni mwa waliofanya kazi hiyo alikuwemo Alan Root, mpiga filamu za wanyama. Kwa hivyo nisiambiwe kwamba mtu wa kamera hana jukumu ila kutazama. Kuna siku za kutazama na kuna siku za kuweka kamera chini.

Ndege wasiopigwa picha

Kuna jambo lingine linanikera na silioni likisemwa. Tunapenda makundi makubwa ya ndege, tunasema. Si kweli. Tunapenda makundi mekundu.

Januari 2023, kule kwenye mashamba ya mpunga ya Kisumu, kwelea walishuka kwa mamilioni. Serikali ilitangaza mpango wa kuua hadi milioni 6 kwa kunyunyizia sumu ya fenthioni, dawa ambayo haichagui: mwewe akila kwelea aliyekufa, naye anaondoka. Wakulima walikuwa wamepoteza mashamba, simlaumu mtu aliyeona jasho lake likiliwa. Ninachouliza ni hiki: mliwaona wapi wapiga picha wa ndege? Kundi la kwelea likigeuka jioni ni kama moshi wenye akili. Ni tamasha kama la flamingo. Lakini ni kahawia, na nyuma yake kuna mkulima anayepiga debe na mtoto aliyekosa shule kulinda shamba. Hapo hakuna kalenda.

Au hapa Nairobi. Kwa miaka mingi marabu wamejenga viota kwenye migunga karibu na Uwanja wa Nyayo, juu ya matatu na foleni ya Mombasa Road. Ni koloni halisi ya ndege wakubwa wa porini, kiingilio bure, unaweza kuitazama kutoka dirisha la matatu ukielekea South B. Tunaziba pua tu. Marabu anakula takataka zetu, tunamwita mchafu. Flamingo anakula mwani, tunamwita malaika. Mpiga picha mwenye ujasiri angeanzia pale Nyayo. Angemwonyesha ndege, taka, moshi na jiji katika fremu moja. Angekuwa anasema ukweli kuhusu mahali tunapoishi, na hangehitaji kumrusha yeyote. Marabu hawatishwi na honi.

Kwa hivyo

Sitaki polemiki hii iishe kwa kunung'unika tu. Nina madai, na ni madogo.

Weka tarehe. Kila picha ya flamingo iwe na mwezi, mwaka na jina la ziwa. Kampuni isiyoweza kusema picha yake ilipigwa lini isitumie picha hiyo kuuza safari. Nanyi wasomaji, mkiiona bila tarehe, ulizeni hapo hapo kwenye maoni, kila mara, mpaka wachoke.

Msiposti kundi linalokimbia mtu. Mashindano ya picha yakatae picha za droni na helikopta ambapo ndege wanaonekana wakikimbia. Dereva wa gari la watalii aliyeambiwa asogee karibu zaidi apate mgongo wa kukataa; na mgeni ajue kwamba bakshishi yake ndiyo inamsukuma yule dereva.

Pigeni ziwa tupu. Pigeni migunga iliyokufa majini, lango lililozama, ukuta wa nyumba Mwariki wenye alama ya maji kifuani. Pigeni mto Njoro unapopita, na rangi yake. Picha hizo nazo ni za flamingo, hata kama hakuna flamingo ndani yake, maana zinaeleza alikoenda.

Na mwisho, fungueni geti kwa watoto wa Nakuru. Siku moja kwa mwezi, basi la shule, hakuna kiingilio, darubini mbili tatu za kupokezana. Mtoto aliyewaona flamingo wakicheza ngoma yao kwa macho yake hatahitaji picha yangu wala yako kumwambia ziwa ni la nani. Akikua akasikia kiwanda kinakuja, au bomba la majitaka limepasuka, atajua kilichomo hatarini kwa sababu alikiona kimesimama, kinakula, bila haraka.

Flamingo anayekula hana drama. Kichwa chini, miguu matopeni, saa baada ya saa. Hiyo ndiyo picha ya ndege aliye salama. Jifunzeni kuipenda.